Mali ya Marehemu: Msimamizi Si Mwenye Mali

Mtu akifa, mali yake haifi pamoja naye. Shamba lipo, ng'ombe wapo, fedha zimo benki, na madeni nayo yapo yanangoja. Hapo ndipo lizukapo swali kubwa: Ni nani mwenye haki ya kuishika mali hiyo, na aishike kwa faida ya nani? Jamaa nyingi zilizokuwa zikila pamoja zimetengana kwa sababu swali hilo lilijibiwa kwa nguvu au kwa hila, badala ya kujibiwa kwa sheria.

Katika Kenya jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ilipoanza, iliacha mashamba na mifugo ya baadhi ya wilaya, kama vile Turkana, Samburu na Kajiado, yagawanywe kwa desturi za wenyeji. Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama za Kadhi zina uwezo wa kuamua mirathi hiyo.

MALI ISIGUSWE BILA IDHINI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna mtu awezaye kuichukua, kuiuza au kuigawa mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini kwa sheria, hata akiwa ni mwana wa kwanza au ndugu mkubwa wa marehemu. Avunjaye amri hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Tena atatakiwa kutoa hesabu ya kila alichokichukua.

Jambo hili lawahusu wanunuzi pia. Atakayenunua shamba kwa mtoto wa marehemu asiye na hati yo yote ya mahakama, amenunua kitu ambacho muuzaji hana uwezo wa kukiuza. Huenda akapoteza shamba na fedha zake pamoja.

NJIA YA KUFUATA

Ikiwa marehemu hakuacha wasia, hatua ni hizi:

1. Kupata cheti cha kifo.

2. Kwenda kwa chifu wa mahali alipokaa marehemu ili aandike barua ya kuwataja wote waliomhusu: wake au mume, na watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Kumficha mmoja wao ni kupanda mbegu ya kesi.

3. Kupeleka maombi mahakamani pamoja na hati ya kiapo inayoonyesha warithi, mali na madeni. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, au kwa hakimu ikiwa thamani ya mali haizidi kiasi alichoruhusiwa. Kwa sheria ya mwaka 2015, Hakimu Mkuu aweza kusikiliza mambo ya mali isiyozidi shilingi milioni 20. Wale wenye haki sawa na mwombaji hawana budi kutia sahihi kwamba wamekubali.

4. Kungoja tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye kupinga hupewa siku 30 za kuleta pingamizi lake.

5. Kama hakuna pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi.

Katika kuchagua msimamizi, mahakama humtazama kwanza mjane, au mume aliyefiwa na mkewe; kisha warithi wengine; kisha Mdhamini wa Umma, ambaye ni afisa wa Serikali; na baadaye wadai. Wasimamizi hawawezi kuzidi wanne. Ikiwa wamo watoto wenye umri chini ya miaka 18, wasimamizi wasipungue wawili, ili mmoja amwangalie mwenzake.

KAZI YA MSIMAMIZI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu akiisha kupata hati ile huidhani kuwa ni hati ya kumilikisha. Sivyo. Msimamizi ni mfano wa mchungaji aliyekabidhiwa kundi la watu wengine. Kazi yake ni kuikusanya mali, kulipa gharama za mazishi ya kadiri, kulipa madeni, kisha kuwapa warithi kilichosalia. Wala hana ruhusa ya kuuza ardhi kabla hati yake haijathibitishwa.

Kwa kawaida miezi 6 hupita tangu hati kutolewa, ndipo msimamizi arudipo mahakamani kuomba uthibitisho. Siku hiyo huonyesha jina la kila mrithi na fungu lake, nao warithi hupata nafasi ya kusema kama wameridhika. Hati ikiisha kuthibitishwa, msimamizi hupewa miezi 6 mingine ya kumaliza kazi, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Ndipo shamba liandikishwapo kwa Msajili wa Ardhi kwa majina ya warithi.

Msimamizi aliyepata hati kwa uongo, au kwa kuficha jambo kubwa, aweza kunyang'anywa. Mrithi aliyeachwa nje asikae akinung'unika nyumbani. Na aende mahakamani akaombe hati ile ifutwe.

MAFUNGU YA WARITHI

Aliyekuwa na mke mmoja na watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote. Lakini hawezi kuuza ardhi hiyo bila idhini ya mahakama, maana nyuma yake wako watoto. Wazazi wote wawili wakiwa wamekufa, watoto hugawana sawasawa.

Aliyekuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama yao. Mathalani, mtu ameacha ekari 9 na wajane wawili. Nyumba ya kwanza ina watoto 4, ya pili ina watoto 3. Ukiongeza mama katika kila nyumba, ya kwanza ni watu 5, na ya pili ni watu 4. Basi nyumba ya kwanza itapata ekari 5, na ya pili ekari 4.

Yafaa kukumbuka kwamba sheria yasema "mtoto", wala haimtengi binti. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyoamuliwa Eldoret, iliukataa mgawanyo uliowapunguzia mabinti fungu lao kwa kudhaniwa kwamba wataolewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke, na desturi iliyo kinyume cha Katiba haina nguvu.

FAIDA YA WASIA

Mtu mzima mwenye akili timamu aweza kuipunguzia jamaa yake taabu kwa kuandika wasia, kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili, na kumtaja wasii wa kuutekeleza. Hata wasia wa mdomo hukubaliwa, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafa kabla ya miezi 3 kupita. Ila wasia si ruhusa ya kumtupa mke au mtoto aliyetegemea marehemu. Huyo aweza kuiomba mahakama impe riziki katika mali hiyo.

Kwa hiyo mwenye mali na aweke hati zake mahali panapojulikana, awataje wake na watoto wake wote wazi, na madeni yake ayaandike. Nao waliofiwa wakiisha kuzika, na wakutane, wakubaliane nani atakwenda mahakamani kwa niaba yao, na wamdai hesabu mpaka fungu la mwisho litolewe.