Nyumba Iliyoingiwa na Maji: Kausha Kwanza, Kandika Baadaye

Mei 2020, Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha 1964, na maji yakaingia nyumba za wakazi wa ufuoni Homa Bay. Maji yakipungua, wengi hukimbilia kukandika au kupiga plasta upya. Hatari iko hapo: ukuta hukauka nje kwanza huku ndani ukibaki na maji, kisha huota ukungu au kuanguka watu wakiwa wamelala.

Kabla ya kuingia, kagua nyufa na kuta zilizoinama. Usiguse swichi hadi fundi akague nyaya. Toa matope, bandua udongo uliolowa, fungua milango na madirisha. Kwa ukuta wa saruji, bandika karatasi ya plastiki, ukifunga kingo zote, usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ukutani, subiri.