Jumamosi ya Lewes: Mzee wa Tanga na Mpira wa Chini ya Ligi

Msomaji wetu wa Tanga, mwenye umri wa miaka 68, anakwenda London mwezi wa Desemba kumwona binti yake. Tiketi za Ligi Kuu zimewashinda bei, na binti amependekeza wapande treni siku moja wakatazame timu ndogo nje ya jiji. Mchambuzi wetu, aliyeishi kusini mwa Uingereza kwa miaka mingi, anajibu maswali ya mzee.

Mwanangu, hizo timu ndogo si ndiyo mchangani wao?

Shikamoo mzee wangu. Hapana, na tofauti yake ndiyo iliyonifanya niupende mpira huu. Ligi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 na klabu 12. Zilizobaki nje zikaitwa timu za nje ya ligi, na jina likaganda. Leo juu kuna klabu 92 katika madaraja manne. Kuanzia daraja la tano kushuka ndiko kwao. Lakini ngazi ni moja. Zamani timu ya chini ilipanda kwa kupigiwa kura na klabu za juu, na wakubwa walijua kulindana. Tangu 1987 bingwa wa daraja la tano anapanda kwa pointi zake, mradi uwanja na hesabu zake ziwe sawa.

Mshambuliaji Jamie Vardy alikuwa akichezea timu ya nje ya ligi, Stocksbridge Park Steels, huku akifanya kazi kiwandani. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester. Na katika Kombe la FA timu hizi huanza kucheza Agosti, miezi mitano kabla vigogo hawajaingia Januari. Mwaka 2017 Lincoln City, ya daraja la tano, iliitoa Burnley ya Ligi Kuu na kufika robo fainali. Kwa hiyo utakaowaona wengi ni walimu, mafundi na makarani wanaofanya mazoezi jioni, lakini wamo kwenye ngazi ileile anayoipanda Arsenal.

Binti ametaja mji wa Lewes. Kuna nini huko?

Binti yako anajua kuchagua. Kutoka stesheni ya Victoria ni saa moja na dakika chache kwa treni, na ukishuka uwanja uko hapo hapo, hata teksi huhitaji. Unaitwa Dripping Pan, na Lewes FC wameutumia tangu walipoanzishwa mwaka 1885. Ni kama bakuli: kiwanja kiko chini, kingo za nyasi zimekizunguka, kando kuna magofu ya nyumba ya watawa iliyobomolewa enzi za Mfalme Henry wa Nane, na kwa mbali vilima vya chokaa. Uwanja wenu wa Mkwakwani ni mkubwa kuliko huo mara nyingi, mzee, lakini hapa utasimama hatua chache tu kutoka kwenye mstari.

Klabu ni mali ya mashabiki tangu 2010. Kila mwanachama ana hisa moja na kura moja, awe tajiri au mstaafu. Mwaka 2017 wakaamua timu ya wanawake na ya wanaume zipewe fungu sawa la mishahara, jambo ambalo hadi wakati huo hakuna klabu iliyojulikana kulifanya. Miaka ya karibuni wanaume wamekuwa Ligi ya Isthmian, daraja la saba. Unapolipa kiingilio pale, unajua fedha yako imekwenda wapi, na hilo kwangu ni kubwa.

Siku yenyewe tuipange vipi?

Kwanza hakikisha Jumamosi hiyo wanacheza nyumbani. Ondokeni asubuhi, mkaione ngome ya Wanormani juu ya mji. Mwaka 1264 Simon de Montfort, kiongozi wa makabaila waasi, alimshinda mfalme vitani hapohapo Lewes. Kiingilio cha daraja hili mara nyingi ni kati ya pauni 10 na 15, na wazee hupunguziwa.

Mechi huanza saa tisa alasiri. Tanga itakuwa saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo ya tisa ina historia yake. Kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi, runinga za Uingereza haziruhusiwi kuonyesha mpira moja kwa moja, ili watu wasiache kwenda viwanjani, hasa vidogo kama hivi. Ndiyo maana mechi ya saa tisa unayoiona wewe kwenye kibanda umiza, jirani wa uwanja huohuo hawezi kuiona sebuleni kwake.

Mimi ni mtu wa swala, na sili ovyo.

Desemba jua la huko huzama mapema mno. Alasiri inaingia kabla ya saa nane, basi swali kabla hujaingia uwanjani. Magharibi itakukuta karibu saa kumi, wakati wa mapumziko. Wanaosimamia mlangoni wengi ni watu wa kujitolea. Waombe kona tulivu, ukiwa na mswala wako mkobani.

Chakula bebeni cha nyumbani. Baga za kibandani si za kutegemea kuwa halali, na Bovril, kile kinywaji cha moto wanachokipenda, kimetengenezwa kwa nyama ya ng'ombe. Chai ipo. Utaona pia watu wamesimama kando ya kiwanja na bia: sheria ya 1985 inayokataza kunywa huku unatazama mechi inayabana madaraja matano ya juu tu. Ni watu wapole. Wewe songa kando kidogo.

Nitazame nini, kwa uwanja mdogo hivyo?

Sikiliza, mzee. Kwenye runinga hujawahi kumsikia kipa akiwapanga mabeki wake, au mguu ukigonga mguu, au kocha akimwita winga kwa jina la utani. Hapa utayasikia yote. Wakati wa mapumziko utaona mashabiki wanahama upande wa pili, wakasimame nyuma ya goli ambalo timu yao italishambulia. Hameni nao.

Na mvua ikinyesha?

Mvua yenyewe si neno. Maji yakituama au ardhi ikiganda kwa barafu, refa huahirisha mechi asubuhi ileile, ikawa kiporo. Angalieni taarifa ya klabu kabla ya kukata tiketi za treni. Vaa soksi mbili na koti linalofika magotini, maana baridi ya kusimama inaanzia miguuni. Na mtu akikuuliza umetoka wapi, mwambie Tanga, kisha mhadithie timu yenu, Coastal Union. Atataka kujua mlishika nafasi ya ngapi.