SOMO LA MWEZI: GARI LA NG'OMBE, MZIGO NA MTEREMKO

Mkulima anayepeleka viazi au maziwa barabarani kwa gari la maksai amekwisha kuona mambo matatu. Gari lililojaa ni gumu kuondoka. Likisha kuondoka huenda kwa urahisi zaidi. Na likifika penye mteremko ni gumu kusimama. Mambo haya yana sababu zake. Mtu akizijua ataokoa miguu ya ng'ombe wake, na pengine maisha ya mtoto anayewaongoza.

Mzigo ni mkaidi

Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alitoa kitabu chenye kanuni hii: kitu kilichotulia hukaa kimetulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda moja kwa moja, kwa mwendo ule ule, mpaka nguvu nyingine ikibadilishe. Ukaidi huu wataalamu huuita inersia. Kitu kikizidi uzito, ukaidi nao huzidi.

Ndiyo sababu maksai huinama sana katika hatua za kwanza. Usiwachape waruke kwa ghafula. Mnyororo uliolegea ukivutwa ghafula huweza kukatika, na nira huumiza shingo. Waongoze polepole mpaka mnyororo ukaze, ndipo wavute.

Penye kona, mzigo hutaka kwenda moja kwa moja ingawa gari linageuka. Magunia yaliyorundikwa juu sana huweza kuliangusha gari. Panga vitu vizito chini, vifunge kwa kamba, na punguza mwendo kabla ya kufika konani.

Msuguano ni adui na ni rafiki

Ikiwa mzigo hutaka kuendelea, mbona gari husimama lenyewe penye tambarare? Huzuiwa na udongo laini, na pia na msuguano, yaani kukwaruzana kwa vitu vinavyogusana. Msuguano wa ekseli ni adui: hula nguvu za ng'ombe na hula chuma. Ondoa mchanga na utie grisi, chuma kisikwaruze chuma.

Lakini msuguano wa breki ni rafiki. Grisi isiguse breki hata kidogo.

Jaribu jambo hili nyumbani. Weka jiwe laini juu ya ubao mkavu, kisha inua upande mmoja wa ubao mpaka jiwe lianze kuteleza. Sasa paka ubao maji ya sabuni, ujaribu tena. Jiwe litateleza mapema zaidi. Mvua hufanya vivyo hivyo barabarani. Mteremko uliokuwa salama jana huweza kuwa wa hatari leo.

Hesabu ya mteremko

Tuseme gari pamoja na mzigo ni kilo 600. Njia ikishuka futi 1 kwa kila futi 10, uzito huo husukuma gari mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 60. Mwendo ukizidi, ng'ombe hawavuti tena, bali wanasukumwa.

Tena, mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimama huwa mara nne. Gari linalosimama kwa hatua 3 litahitaji hatua 12, ingawa breki imevutwa kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo anza kutumia breki ukiwa bado juu. Ukingoja mpaka gari likimbie, umechelewa.

Kabla ya kuteremka

1. Simama juu ya mteremko, ukague breki, nira, minyororo na kamba.

2. Ikiwa njia imelowa, punguza mzigo. Safari mbili ni nafuu kuliko ng'ombe mmoja aliyevunjika mguu.

3. Ikiwa gari halina breki, funga gogo zito nyuma yake likokotwe ardhini. Msuguano wake utalizuia gari.

4. Anayeongoza atembee kando ya ng'ombe, si mbele yao. Watoto wasipande juu ya mzigo.

5. Ukisimama mlimani, weka jiwe kubwa kwenye gurudumu, upande wa chini.

Mwenda pole hajikwai. Mzigo hauna masikio. Hausikii mtu akipiga kelele kwamba usimame. Husikia breki, gogo na jiwe tu.