Chungu Kimoja, Sahani Nne: Mlo Bora kwa Wanafunzi Waliopanga Pamoja

Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, ni chipsi mayai na soda. Likikata, zinaanza pasi ndefu: mlo mmoja wa saa tisa alasiri unabeba mchana na usiku. Mwili unaoishi hivyo muhula mzima huchoka na hukosa umakini darasani. Kijitabu hiki ni kwa wanafunzi wa vyuo wanaoishi mageto, yaani vyumba vya kupanga, na kwa wazazi wanaowafungashia unga na maharage vyuo vikifunguliwa.

Kwa nini mpike pamoja?

Anayejipikia peke yake hununua kila kitu kwa bei ya rejareja: mafuta ya kupima, nyanya za fungu, mkaa wa kopo. Mkichanga wanne, mnanunua kwa kilo na kwa lita, na moto mmoja unaivisha chakula cha wote. Faida kubwa zaidi ni mchanganyiko. Ni vigumu mtu mmoja kununua mchicha, dagaa, maharage na ndizi kwa siku moja, lakini wanne wanaweza.

Sahani iwe na nini?

Mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji Tanzania unagawa vyakula katika makundi 6:

1. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika: ugali, wali, viazi, mihogo.
2. Jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta: maharage, choroko, kunde.
3. Vyakula vya asili ya wanyama: dagaa, mayai, maziwa, nyama.
4. Mboga: mchicha, matembele, kisamvu.
5. Matunda: ndizi, papai, chungwa, embe la msimu.
6. Mafuta, kwa kiasi.

Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye chipsi na vyakula vya paketi.

Maharage na mchicha kwa watu wanne

Nusu kilo ya maharage inawatosha kwa milo miwili. Chagueni, osheni, kisha yalowekeni usiku kucha. Asubuhi mwageni maji hayo, wekeni mapya, na yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage ambayo hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi. Yameiva yakipondeka kwa vidole bila kulazimishwa.

Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe dakika chache tu, uepuliwe ukiwa bado wa kijani. Kamulieni ndimu au kuleni chungwa: vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa sababu huzuia ufyonzaji huo. Wasichana walizingatie hili zaidi, maana hedhi hupunguza madini ya chuma mwilini.

Maelewano kabla ya chungu

- Kubalianeni mchango, na mmoja aandike matumizi kwenye daftari ambalo kila mtu analiona.
- Bandikeni zamu ukutani. Aliyepika haoshi vyombo.
- Asiye na mkopo anaweza kuleta unga wa nyumbani au kuchukua zamu ya kwenda sokoni. Asisimangwe.
- Ulizaneni mapema nani hali nini: kwa imani yake, kwa mzio wa karanga au kwa vidonda vya tumbo. Mwezi wa Ramadhani, pangeni futari na daku kwenye ratiba.

Usalama

- Msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala msilale nalo. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.
- Mkisikia harufu ya gesi, fungeni mtungi, fungueni madirisha, msiguse swichi wala kiberiti.
- Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Kama hamna friji, pikeni cha kuisha.
- Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe. Kuyapika hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Mwenzenu akiacha kula

Mnaokula pamoja ndio mtakaoona kwanza mwenzenu akibadilika. Akikosa milo mara mbili tatu bila sababu, akisema ameshiba kila siku, au akijifungia, mpelekeeni sahani yake chumbani na mzungumze naye faraghani. Huenda ameishiwa, huenda anaumwa, huenda ana msongo wa mawazo. Jambo likiwazidi, msindikizeni kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya. Akisema anataka kujidhuru, msimwache peke yake, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.