SOMO LA MBEGU: KALENDA ILIYOMO NDANI YA PUNJE

Katika vyama vya msingi vya Igunga lipo lalamiko ambalo kila katibu mwenye uzoefu amepata kulisikia. Wanachama wawili wamepanda mtama juma moja, katika udongo wa namna moja, na mvua iliyowanyeshea ni moja. Mtama wa mmoja umetoa masuke mapema Februari. Wa mwingine umerefuka, majani yake ni ya kupendeza, lakini suke halionekani mpaka Machi. Mvua ikikatika mapema, wa pili atavuna mabua. Ndipo lawama zinapoanza: udongo umechoka, palizi ilichelewa, au katibu aligawa mbegu mbovu.

Mara nyingi hapana mbegu mbovu hapo. Pana mbegu mbili zenye kalenda mbili, na hakuna aliyeandika ipi ni ipi. Somo hili laeleza kalenda hiyo ni kitu gani, inakaa wapi ndani ya mmea, na kwa nini inampasa katibu kuifahamu kabla ya kuagiza mbegu.

Yafaa kuanza na zao ambalo Igunga hailimi, yaani ngano, kwa kuwa ndilo ambalo siri ya kuchanua imechunguzwa kwa undani sana, na kwa kuwa ngano si mgeni kabisa katika nchi hii ya Unyamwezi. Wasafiri walioandika habari za Tabora kati ya mwaka 1857 na 1872, zama za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, wanataja ngano miongoni mwa mazao ya bustani za Waarabu waliokaa huko. Ilipandwa katika miezi ya baridi kavu na kumwagiliwa maji, na mkate wake ulikuwa chakula cha wenye uwezo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini mwenye kuifahamu ngano atashangaa. Ngano nyingi za Ulaya zikipandwa Tabora haziwezi kutoa hata suke moja. Zingebaki majani mafupi kama nyasi za malisho mpaka zife.

Sababu yake ni hii. Katika kila mmea wa nafaka, chini kabisa katikati ya majani, ipo ncha ndogo ya kukua, isiyoonekana bila kupasua shina. Mwanzoni ncha hiyo hufanya kazi moja tu: huzaa majani. Siku moja hupokea amri ya kugeuka. Tangu siku hiyo haizai jani jipya, bali huanza kujenga suke. Mkulima haoni kitu. Mmea kwa nje ni uleule. Lakini hesabu ya mavuno imekwisha kuanza kuandikwa. Amri ikija mapema mno, mmea unakuwa na majani machache, na suke linakuwa dogo kwa kukosa cha kulilisha. Amri ikichelewa, suke laweza kuwa kubwa, lakini punje zitajaa wakati maji yamekwisha ardhini. Kwa hiyo wahi si sifa kwa yenyewe, wala kuchelewa si kosa kwa kwenyewe. Linalotakiwa ni kalenda ya mbegu kulingana na kalenda ya mvua.

Amri hiyo hutolewa na chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Kila mmea hupokea jeni zake kutoka kwa wazazi wake, na tofauti ndogo katika jeni moja yaweza kusogeza siku ya kuchanua kwa majuma mengi.

Katika ngano zipo jeni mbili zenye sauti kubwa kuliko nyingine. Ya kwanza imepewa jina la VRN1, na wanasayansi waliitambua kwa hakika mwaka 2003. Katika ngano za nchi za theluji jeni hii ni kama ghala la chama lililofungwa kufuli, na ufunguo wake ni baridi. Mmea hauna budi kukaa majuma kadhaa katika baridi kali, chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, ndipo kufuli lifunguke. Kwa huko kwao ni busara kubwa, kwani suke likitoka kabla ya theluji kwisha litakufa. Lakini katika Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hata usiku wa Juni na Julai hauna baridi ya kiasi hicho. Ufunguo haupo. Basi ngano iliyokomaa katika bustani zile za zamani ilikuwa ya aina ya pili, ambayo kufuli lake limevunjika: sehemu fulani ya jeni imebadilika au kukatika, na mlango ukabaki wazi bila kungoja baridi. Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, na kwa hiyo ina nakala tatu za jeni hiyo. Kufuli likivunjika katika nakala moja tu, yatosha.

Jeni ya pili huitwa PPD1. Hii hupima urefu wa mchana. Asili ya ngano ni mmea unaongoja mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, ambako jua laweza kukaa angani saa 15 au 16. Igunga, iliyo nyuzi nne na kidogo kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote wa Desemba na ule mfupi wa Juni ni nusu saa hivi. Mmea unaongoja saa 15 za jua utangoja sana. Lakini zipo ngano ambazo kipande cha herufi kama 2,000 za urithi kimekatika karibu na jeni hiyo, na kwa kukatika huko jeni haingoji tena mchana mrefu. Mfugaji wa mbegu wa Italia, Nazareno Strampelli, aliitumia tabia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuchanganya ngano za kwao na ngano ya Kijapani iitwayo Akakomugi. Hakujua habari za kipande kilichokatika. Hayo yalifahamika karibu miaka mia moja baadaye. Alijua kuhesabu siku.

Kisa cha Meksiko kinafundisha vilevile. Tangu miaka ya 1940 Norman Borlaug alipanda ngano zake mara mbili kwa mwaka katika sehemu mbili zisizofanana: bonde la joto la kaskazini karibu na bahari, na nyanda za juu karibu na Toluca. Nia yake ilikuwa kuokoa muda. Lakini mbegu iliyoshindwa kuchanua katika mojawapo ya sehemu hizo ilijiondoa yenyewe, na zilizobaki zikawa mbegu zisizojali urefu wa mchana. Ndiyo sababu moja kubwa iliyowezesha ngano hizo kusafiri mpaka India na Pakistani, na vizazi vyake kufika mashamba ya Afrika ya Mashariki. Borlaug alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970.

Zaidi ya jeni hizo mbili zipo nyingine ndogondogo, ambazo kila moja husogeza kuchanua kwa siku chache. Mwaka 2012 ilitangazwa pia kwamba ngano mbili zaweza kuwa na jeni ileile, lakini moja ina nakala yake moja, nyingine ina mbili, tatu au zaidi zilizofuatana, na idadi hiyo peke yake hubadilisha tarehe. Kwa hiyo kati ya mbegu ya wahi kabisa na ya kuchelewa kabisa ziko ngazi nyingi.

Sasa mtama. Mwaka 2011 wanasayansi walitambua jeni kuu inayotawala kuchanua kwa mtama, ambayo wafugaji wa mbegu wa Marekani walikuwa wakiiita Ma1 tangu miaka ya 1940, wakifuata nyayo zake kwa kuhesabu siku tu. Ikaonekana ni ndugu wa ile PPD1 ya ngano, wa ukoo mmoja kabisa. Ila ndugu hawa hutenda kinyume. Ngano ni mmea wa mchana mrefu. Mtama ni wa mchana mfupi, na katika mtama jeni hiyo huzuia kuchanua maadamu mchana ni mrefu. Jeni ikiharibika kizuizi huondoka, na mtama huchanua kwa hesabu yake wenyewe, popote ulipo. Huko Mali na Nijeria wakulima wamehifadhi kwa karne nyingi mitama yenye kizuizi kamili, kwa kuwa hata ikipandwa kwa tarehe zilizoachana sana, yote huchanua karibu wakati mmoja, mvua inapoelekea kwisha. Wakulima wale hawakuwa na maabara. Walichagua suke la kuweka mbegu, mwaka baada ya mwaka, na kwa kuchagua suke walikuwa wakichagua jeni.

Mbegu nyingi zilizotolewa Tanzania na watafiti ni za muda mfupi au wa kati: Tegemeo ya mwaka 1986, Pato ya 1995, Macia ya 1999, na Wahi na Hakika za 2002, ambazo zilikusudiwa pia kustahimili kiduha. Mitama ya asili iliyomo majumbani mwa wanachama mingi ni mirefu na ya kuchelewa. Haifai kudharauliwa: mabua yake hujengea na kulisha ng'ombe, na punje zake hupendwa kwa ugali. Hatari inaanza pale zinapochanganyika.

Hesabu ifanywe hapa kwa mfano. Mbegu ya kwanza huchanua siku ya 65 tangu kuota, na ya pili siku ya 90. Zote zimeota tarehe 5 Desemba. Ya kwanza itachanua tarehe 8 Februari na ya pili tarehe 5 Machi. Punje huhitaji siku 30 hadi 40 baada ya kuchanua ili zijae. Basi ya kwanza imekwisha kujaa katikati ya Machi, na ya pili katikati ya Aprili, mvua zikiwa ukingoni. Sasa mvua za kwanza zimedanganya, kama inavyotokea Igunga, na shamba limerudiwa likaota tarehe 5 Januari. Ya kwanza itachanua tarehe 11 Machi na kuponea. Ya pili, ikiwa haipimi mchana bali huhesabu siku tu, itachanua tarehe 5 Aprili, na punje zake zitataka maji ya Mei ambayo hayapo. Kwa hiyo mbegu iliyofaa kupandwa Desemba siyo lazima ifae kurudia Januari, na chama kinachoagiza mbegu ya kurudia hakina budi kuuliza siku za kuchanua, si bei peke yake. Kwa upande wa pili, mbegu ya wahi mno ikipandwa na mvua za kwanza yaweza kuchanua katikati ya ule ukame wa Januari au Februari ambao hukata msimu vipande viwili. Ua la mtama likikosa maji siku hizo, punje hazishiki, na mvua ya Machi haiwezi kurudisha kilichopotea.

Lipo tena la ndege na wadudu, ambalo halimhusu mwanachama mmoja bali kijiji kizima. Kweleakwelea hulishukia shamba lililokomaa peke yake. Mashamba yote yakikomaa pamoja, hasara hugawanyika. Moja likitangulia, hilo ndilo litakalokuwa chakula chao. Na yupo inzi mdogo wa mtama, atagaye mayai katika maua yaliyofunguka, na funza wake hula punje changa. Kizazi chake hukamilika kwa majuma mawili hivi. Kijiji kinachochanua kwa majuma sita mfululizo, kwa kuwa kila mtu ana mbegu yake, humlea inzi huyo vizazi vitatu, na mashamba ya mwisho ndiyo yanayolipa deni la yale ya kwanza. Hapa ushirika una kazi ambayo mkulima peke yake haiwezi.

Pamba ina habari yake. Mababu zake wa porini katika nchi za joto za Amerika hungoja mchana mfupi, lakini pamba ya kulimwa imekwisha kuondolewa tabia hiyo kwa uchaguzi wa karne nyingi, tena huchanua kidogokidogo kwa majuma mengi. Shauri la kupanda kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba linatokana na mwisho wa mvua na wadudu kuliko urefu wa mchana.

Kuhusu kuhifadhi mbegu, mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ila upepo hubeba chavua kiasi, na hivyo mbegu safi huchafuka polepole. Mahindi huchafuka upesi zaidi, kwa maana karibu yote huchavushwa na jirani. Mwenye kuchagua mbegu ya mtama na atoke shambani wakati wa kuchanua, si wakati wa kuvuna. Afunge kamba katika mimea iliyotoa suke siku zilizokusudiwa, na avune hiyo peke yake. Akingoja ghalani, masuke yote hufanana, na tarehe zimekwisha kusahauliwa.

Kwa katibu, daftari la kurasa chache latosha. Kwa kila mbegu iliyogawiwa iandikwe jina lake na ilikotoka, tarehe ya kuota katika mashamba matatu au manne ya wanachama, na tarehe ambayo nusu ya mimea imetoa maua. Mvua kubwa na siku za ukame ziandikwe pembeni. Misimu mitatu ikipita, chama kitakuwa na hesabu ya mbegu zake katika udongo wake chenyewe, na Bwana Shamba akija atakuta jambo la kuzungumza.

Maswali ya kikundi cha masomo: Ni mitama mingapi ya majina tofauti inayolimwa na wanachama wa chama chenu, na kila mmoja huchanua baada ya siku ngapi? Msimu uliopita, shamba la kwanza na la mwisho kijijini yalipishana kwa majuma mangapi katika kutoa masuke? Kama mvua za Desemba zitakatika, chama kitaagiza mbegu gani ya kurudia, na nani atakuwa ameiuliza siku zake kabla ya fedha kutoka?