Somo: Kila Mtu na Ufunguo Wake

Vikundi vyetu vingine vina vijana wanaotengeneza programu ya hesabu za akiba. Mmoja ana kompyuta ya Windows, mwingine Linux, na hesabu zenyewe ziko kwa kompyuta ya mbali. Waifikie kwa chombo gani?

Zamani Telnet ilitumika sana. Ubaya wake, neno la siri husafiri wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Ufini alitengeneza SSH, ambayo huficha mazungumzo yote. OpenSSH, iliyotoka 1999, ni ya bure. Iko kwa Linux na Mac, na tangu 2018 huja pamoja na Windows 10. Kwa hivyo tusidanganywe kununua. Tena amri za kuandika ni nyepesi, hupita hata mtandao ukiwa dhaifu.

Lakini chombo peke yake hakitoshi. Kila kijana awe na ufunguo wake wa SSH, asimwazime mtu, hata mwenyekiti. Akitoka kikundini, ufunguo wake ufutwe siku hiyo hiyo. Wenzake wataendelea na kazi bila shida.

Tujadiliane: Kwetu nani ana ufunguo? Nani ameshaondoka na bado anaweza kuingia?