Kidingapopo na Kutoka Damu

Vijidudu vya kidingapopo vina aina nne. Dar es Salaam, waendako watu wengi wa Tangini, mwaka 2014 ilipatwa na aina ya pili, na mwaka 2019 ikaonekana ya kwanza. Mtu akiugua, mwili hufanya silaha za kuijua aina ile. Aina nyingine ikija baadaye, huenda silaha zile zikaishika bila kuiua, zikaiingiza ndani ya chembe za damu zilizopaswa kuila. Hapo mwili hupigana kwa ukali hata mishipa midogo ikavuja, na chembe za kugandisha damu zikapungua; fizi na pua zikatoka damu. Ajabu yake, hatari huja homa ikishuka, ndugu wakidhani mgonjwa amepona. Twawasihi msimpe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu, mpelekeni hospitali.